Mkuu na Mashine Zilizojipa Namba

Kiwandani kwetu mtu hakupiga simu, aliombewa simu. Ulitoka ofisini kwako, ukavuka ua, ukasimama kwenye mlango wa kichumba cha swichibodi mpaka Mkuu wa Mawasiliano amalize chai yake. Ulimwamkia shikamoo, ukajibiwa marahaba bila kutazamwa, ndipo ukaeleza shida. Akikuona umesalimia harakaharaka kama mtu anayelipa ushuru, basi laini ya Dar ilikuwa na matatizo tangu asubuhi. Akikuona umetulia, umemuuliza na habari za nyumbani, laini ilipona papo hapo. Nilikuwa katibu muhtasi pale kwa miaka mingi, na mpaka leo nikiinua simu yangu ya mkononi najiona mkosa adabu, napiga tu bila kumwamkia mtu.

Sote tulimwita Mkuu, hata mkurugenzi. Alikuwa mkuu wa chumba kimoja, kiti kimoja na feni isiyozunguka, lakini hakuna aliyekitamka cheo hicho kwa mzaha mbele yake. Alivaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini, na viatu vyeusi ambavyo vumbi la Morogoro lilivikwepa kwa sababu nisizozijua. Sauti yake kwenye simu ilikuwa nzito, ya mtu wa redioni. Akiiweka simu chini ilirudi kuwa sauti ya kawaida ya mzee mwenye kikohozi.

Kazi aliyoiheshimu kuliko kuunganisha simu ilikuwa kugawa namba za ndani. Kila meza yenye simu ilikuwa na namba yake fupi, na namba hizo alizitoa yeye. Mtu akipanda cheo, Mkuu alimbadilishia namba, akampa iliyo karibu zaidi na ya mkurugenzi. Mtu akishuka, naye alisogezwa, pole pole, kuelekea namba za jikoni na getini. Afisa utumishi mmoja aliyewahi kumkatisha maneno kwenye kikao aliamka siku moja akakuta simu yake inalia kila mtu anapomtaka mpishi. Alilalamika. Mkuu akamsikiliza kwa makini, akamwambia laini za chini ya ardhi zina mambo yake.

"Namba haiokotwi," alipenda kusema. "Namba hupewa. Na wa kukupa lazima awe anakujua."

Hakuandika popote. Nilipoanza kazi nilimwomba aninakilie namba zote nizibandike ukutani, akanitazama kama niliyeomba kuazima mswaki wake. Zote zilikuwa kichwani, za ndani na za nje, mpaka namba za parokia za mlimani na duka la dawa la Ngerengere. Ajabu ni kwamba kichwa hicho hicho hakikuweza kuhifadhi majina. Wanawe aliwaita wa Kwanza, wa Pili na kuendelea, na alipopata mjukuu alihangaika wiki nzima, maana hakujua hesabu iendelee au ianze upya. Mimi alinijua kwa kazi yangu. Mpaka alipoondoka aliniita Katibu, na nina hakika jina langu hakuwahi kulisikia.

Nikisema hivi mtadhani alikuwa mtu wa majivuno tu. Alikuwa wa majivuno, sikatai, tena sana. Lakini palikuwa na kibarua mmoja wa stoo, kijana wa Matombo, ambaye mkewe alijifungulia kwenye hospitali ya misheni, na mambo hayakuwa mazuri. Kibarua hakuruhusiwa kupiga simu, na sheria hiyo alikuwa ameitunga Mkuu mwenyewe. Siku hiyo alimwita yule kijana kwenye kichumba chake wakati wa chakula cha mchana, akamkalisha kwenye kile kiti kimoja, yeye akasimama. Akaanza kuitafuta misheni kupitia laini mbovu ya milimani, akikata, akirudia, akiwaamkia masista kwa sauti yake ya redioni, mpaka akaletewa habari kwamba mama na mtoto wanapumua. Kijana akalia. Mkuu akamwambia asilowanishe mashine ya serikali.

Na alisikia kila kitu. Kwenye swichibodi ile sikio lilikuwa halizuiliki, na kwa miaka yote alijua nani ana nyumba ndogo Mafiga, nani anatafuta kazi kiwanda cha Mzinga, nani amemwongopea mama yake. Sikumsikia hata siku moja akitoa neno. Mimi katibu niliyeapishwa kutunza siri nilikuwa nikivujisha zaidi yake.

Tena huyu mtu wa "namba hupewa" nyumba yake mwenyewe haikuwa na namba. Aliijenga Kihonda, pembeni ya shamba la mkonge lililokuwa limetelekezwa, na namna alivyokipata kiwanja alinisimulia mwenyewe bila kuona aibu. Alikwenda siku ya Jumapili akaikuta sehemu iliyomfaa. Akazunguka kwa majirani akiuliza: jamani, hapa pana mwenyewe? Hakuna aliyesema pana. Wiki iliyofuata akauliza tena. Kimya. Akamwaga mchanga. Nilipomuuliza kama alipita idara ya ardhi akasema idara ingemchelewesha.

"Sasa Mkuu, si ulisema namba haiokotwi?"

"Hiyo ni namba," akasema. "Hiki ni kiwanja."

Mimi ni Mluguru, na kwetu mlimani ardhi ni ya ukoo wa mama, huwezi kupanda hata mgomba kabla hujajieleza kwa wajomba. Yeye alikuwa Mnyamwezi, mtani wangu, kwa hiyo nilimwambia kwamba kajenga juu ya makaburi ya bibi zangu na kodi nitaidai kwa kuku. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kuku hakuwahi kuleta.

Halafu kiwanda kikauzwa. Siku hizo neno lilikuwa soko huria, na kila mtu alilitumia alivyotaka. Mwenye duka akipandisha bei ya sukari, soko huria. Kijana akimkimbia mchumba, soko huria. Kwetu lilimaanisha kwamba mwekezaji alifika na mkoba, akazunguka kiwanda siku nzima, na mwezi haukuisha majina ya waliopunguzwa yakabandikwa getini. Wanaume waliokuwa na mitambo ile tangu iliposimikwa walisoma, wakarudi kusoma tena, wakidhani wameruka mstari. Jina la Mkuu halikuwemo. Mkurugenzi mpya alikuwa amejaribu kumpigia mwanasheria wake Dar akagundua kwamba bila yule mzee hajui hata pa kuanzia.

Mkuu alilielewa somo hilo vizuri kuliko sisi sote. Aliniambia siku ile ile, tukitazama watu wanavyotoka na makabati yao vichwani: "Katibu, mtu asiyehitajika hupunguzwa. Anayehitajika hatafutiwi sababu." Tangu hapo alikuwa na shughuli moja tu maishani, kuhitajika.

Ilikuwa shughuli ngumu, maana swichibodi iling'olewa, zikawekwa simu za moja kwa moja, na mhasibu akaanza kupiga Dar huku anakula karanga, bila kumwamkia mtu. Kwa wiki kadhaa Mkuu alikaa kwenye kichumba kitupu akiwa na chai yake. Mimi nilimwonea huruma, na nilifikiri amekwisha. Sikumjua. Kompyuta za kwanza zilipoletwa, na ikasemekana kwamba ili ziunganishwe kwa waya na kusomeana mafaili kila moja lazima iwe na namba yake, isiyofanana na ya nyingine, alisimama kikaoni na kuomba apelekwe mafunzoni. Akarudi kutoka Dar na cheti chenye muhuri na ile sauti ya redioni.

Mambo yakawa yale yale. Kompyuta ya mkurugenzi ilipata namba ya kwanza, ya mhasibu iliyofuata, yangu baada yao. Alipita mwenyewe mezani kwako, akakuomba usogee, akaandika namba huku amekikinga kioo kwa mgongo. Mashine ikihamishwa chumba ikagoma, ulikwenda kumwamkia. Afisa utumishi, ambaye hakuwahi kujifunza, alipewa namba ile ile ya mashine ya stoo, na kila walipowasha pamoja mmoja wao alitolewa nje kwa onyo la Kiingereza. Mkuu alimwambia nyaya zina mambo yake.

Mkurugenzi hakuwa mjinga. Zilipoletwa kompyuta mpya, nyingi, za kujaza kila meza, alisema kikaoni mbele ya watu wote kwamba safari hii anataka kuona kama Kitengo cha Mawasiliano kinahitajika. Alitumia neno hilo hilo. Nilimwona Mkuu akifunga kifungo cha juu cha kaunda, ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

Fundi aliyezileta, mtu mzima mwenye kitambi na haraka ya kurudi Dar, alizipanga mezani, akazipa majina na kuziunganisha kwa waya, akaonyesha ni ipi yenye printa. Alipotaka kuendelea kwenye namba, Mkuu akamzuia kwa kiganja. "Namba natoa mimi." Fundi akasema haya, mzee wangu, akapanda basi.

Siku iliyofuata Mkuu aliomba likizo yake ya mwaka. Aliiomba kwa utaratibu, ikakubaliwa bila mtu kuisoma. Kompyuta mpya zilikuwa zimekaa mezani bila namba hata moja, na za zamani zilikuwa na namba ambazo alizijua yeye tu. Alipita kwangu akiwa na mwavuli.

"Wakinitafuta, nyumbani unapajua."

"Napajua, Mkuu."

"Usiwaelekeze haraka."

Nilielewa, na ofisi nzima ilielewa. Alikuwa amefunga mlango na kuondoka na ufunguo kichwani, na sasa angekaa Kihonda akisubiri kuja kuombwa. Kilichobaki ni kujua itachukua muda gani kabla mkurugenzi hajasalimu amri. Mhasibu alisema haitafika Ijumaa.

Tukaziwasha zile mpya asubuhi ili mkurugenzi ajionee mwenyewe kwamba hazifanyi kazi. Zilikaa kidogo zikifikiri. Mhasibu akaandika barua fupi ya kujaribu, akaituma kwenye printa iliyokuwa upande wa pili wa ukumbi, kwa dhihaka tu, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba anayojua ni gofu. Printa ikakohoa, ikaitoa barua.

Tulitazamana. Afisa utumishi naye akatuma. Ikatoka. Akafungua kutoka mezani kwake faili lililokuwa kwenye mashine ya jirani, akaanza kucheka peke yake.

Nikampigia fundi Dar, kwa simu ya moja kwa moja, Mungu anisamehe.

"Nani amezipa namba?" nikamuuliza.

"Zimejipa, dada."

"Zimejipaje?"

"Mashine hizi mpya zina akili hiyo. Ikiwaka inatafuta mgawaji wa namba. Ikimkosa, inajichagulia yenyewe, yoyote ile, kwenye fungu lililotengwa kwa kazi hiyo. Kabla ya kuitumia inawauliza wenzake kwenye waya: kuna mwenye namba hii? Wakinyamaza, inaichukua. Akijitokeza mwenyewe, inachagua nyingine."

"Na kama wawili wamechagua moja?"

"Mmoja atamsikia mwenzake, atahama. Hawagombani hao."

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Sisi tumefundishwa kwamba ukifika kwa mtu unapiga hodi. Hodi ya kwanza, hodi ya pili, hodi ya tatu, na usipoitikiwa unageuza ukarudi ulikotoka, maana ukiingia una jina lako na jina hilo si zuri. Mashine hizi zilipiga hodi zikasubiri kimya, na kimya ndicho kilichokuwa karibu yao. Palipokuwa na mtu ziliomba radhi na kusonga mbele. Hakuna mkuu, hakuna chai, hakuna magoti kung'aa. Nilijisikia kuchekeshwa na kusononeka kwa pamoja. Nilikumbuka pia mchanga uliomwagwa Kihonda, na nikajiuliza kama Mkuu angeona lolote linalofanana.

Ikabaki shida ya zile za zamani, ambazo zilikuwa bado na namba za Mkuu na hazikusikilizana na zile mpya. Kila kundi lilizungumza lenyewe kwa lenyewe. Fundi akanielekeza kwa simu: futa namba ya kupewa, chagua ile sehemu ya kujitafutia, zima, washa. Nilizipitia zote kabla ya chakula cha mchana. Ya mkurugenzi niliifanya mwisho, yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Namba ya kwanza, ile aliyopewa kwa heshima yote, ikafutika, na mashine yake ikauliza kama zile nyingine, ikajichukulia namba iliyoachwa. Ijumaa ikafika, ikapita.

Asiyekuwepo na lake halipo. Msemo huu husemwa kwa kucheka, kwenye kugawana nyama au viti, na wiki ile tuliusema hivyo hivyo, tukicheka. Baada ya hapo hatukuusema tena kwa sababu hatukumkumbuka. Hilo ndilo linaloniuma ninapoandika. Hatukumsengenya wala hatukumtetea, tulifanya kazi tu.

Alirudi mwenyewe likizo ilipoisha. Alisimama mlangoni pa ukumbi na mwavuli wake, akasikiliza printa.

"Nani amezipa namba?"

"Hakuna, Mkuu. Zimejipa."

"Hakuna kitu kinachojipa namba, Katibu."

Nikamwonyesha kwenye mashine yangu. Akaisoma ile namba ndefu kwa kidole, taratibu, mwanzo hadi mwisho. "Hii si yangu," akasema. Akaangalia ya jirani. "Hii nayo si yangu." Akazunguka ukumbi mzima akisoma, na watu wakasogea kumpisha kwa adabu ya zamani, na hiyo adabu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Kisha akafanya kosa ambalo ni yeye tu angelifanya. Alikaa kwenye meza ya mhasibu, akamwomba asogee, akakinga kioo kwa mgongo, akairudishia mashine namba yake halali. Dakika hiyo hiyo mashine ile ikawa kiziwi na bubu. Ukumbini zote zilikuwa zikisikilizana isipokuwa ile iliyopewa namba na Mkuu wa Mawasiliano.

"Mkuu!" mhasibu akapaza sauti. "Mashine yangu umeiroga?"

Alipotoka kwenda kunywa chai niliirekebisha. Aliporudi akaikuta inachapa, na hakuuliza. Majina yaliyofuata yalipobandikwa getini, lake lilikuwa juu kabisa. Aliaga kwa kupeana mikono meza kwa meza, akitaja kila mmoja namba yake ya zamani ya simu. Hakukosea hata moja.

Nawiwa kusema kwamba hakushindwa kabisa. Zile namba za kujipa zilitosha ndani ya kuta zetu tu. Nje hapakuwa na aliyezitambua. Mtandao wa intaneti ulipofika Morogoro, na mkurugenzi akataka barua zake ziende Dar na ng'ambo, fundi mwenye kitambi alirudi na kisanduku cheusi, akasema sasa lazima pawe na mgawaji. Kila mashine ikiwaka ingemwomba yeye, na yeye angeipa. Kikawekwa kwenye rafu ya kile kichumba cha swichibodi, chini ya feni isiyozunguka. Mgawaji alihitajika, kumbe. Ila huyu hakutaka kuamkiwa.

Mimi nami nilipunguzwa baadaye, nikafungua kibanda cha kuchapa barua karibu na soko. Mkuu sikumwona kwa miaka, mpaka nilipompeleka mama yangu kliniki ya macho. Alikuwa kwenye benchi, ameegemea ukuta, kaunda imepauka lakini imepigwa pasi. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yote mawili. Mkewe alikuwa ameshika kiganja chake.

"Shikamoo, Mkuu."

Akainua uso kuelekea sauti. "Marahaba. Katibu huyo."

Mkewe alifurahi, akatusogezea nafasi. Tukasalimiana kwa kirefu, watoto, wajukuu, mashamba, bei ya mchele. Yeye alisikiliza zaidi. Nilipotaja kiwanda, mkewe akacheka, akanigusa goti.

"Mwanangu, hujui kilichonipata mimi na kiwanda chenu. Ile likizo yake ya mwisho! Alikaa sebuleni na suti na viatu miguuni tangu alfajiri, kila siku ya Mungu. Namwambia baba, vua basi viatu upumzike, ananiambia gari laja kunichukua. Shamba hakwenda, msikitini hakwenda, aliswali nyumbani, asije akakosekana. Mwezi mzima!"

"Mama wa Kwanza, basi," akasema Mkuu.

Mkewe akajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga. Nesi alikuwa akiita watu mlangoni. Mkuu akageuza uso kwangu, akatafuta mahali nilipo, akazungumza kwa ile sauti yake nyingine, ndogo, ya mtu mwenye kikohozi.

"Katibu. Lile gari la ofisi. Siku zile lilikuwa bovu, sivyo?"

Gari la ofisi lilikuwa jipya siku zile. Mwekezaji alikuja nalo. Lilipita barabara ya Kihonda kila asubuhi na kila jioni, na dereva wake alikuwa mtu wa kupiga honi hata kwa kuku. Kutoka sebuleni kwake lazima aliisikia.

"Bovu kabisa, Mkuu," nikasema. "Tulikuwa tunalisukuma."

Kisha akamgeukia mkewe, akaufinya mkono wake.

"Si nilikuambia?"